Ngozi ya Mtamba wa Roda

Kakamega,
Jumapili, alasiri

Mwanangu Roda,

Najua utacheka. Baba mzima anamwandikia barua mtu aliye chumba cha pili, anayekunja nguo, ambaye hata sasa namsikia akibishana na mama yake juu ya sweta. Lakini wewe unanijua. Mdomo wangu ni hodari pale dirishani benki, nyumbani ni mzito. Nikikuita uketi hapa, nitaanza na habari za mvua na kumalizia na habari za mvua, na kesho basi la Kisumu litakuchukua kabla sijasema neno. Mama yako ameshaliona hilo. Ameniambia chai ya leo sitaionja mpaka barua iishe, na birika naliona pale mekoni kwa macho yangu.

Mambo ya sweta, ya sabuni na ya kufunga mlango nimemwachia yeye. Ya kanisa vile vile. Mimi nina jambo moja tu, nalo linahusu ng'ombe wako.

Unaikumbuka siku barua ya benki ilipokuja, kwamba umekubaliwa kwenda Nairobi kujifunza ukarani. Mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani tuna harusi. Mimi mlinitafuta msinione. Nilikuwa chooni. Nilikaa mle muda mrefu, na tumbo langu halikuwa na shida yoyote. Niliogopa. Nilifikiri kwamba utaingia benki ile ile ninayoitumikia mimi, utafunzwa kuyasoma madaftari ya matawi, na siku moja utaukuta mwandiko wangu kwenye ukurasa ambao sikutaka uuone peke yako. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilala vibaya. Leo, baada ya jambo lililotokea saa saba mchana ulipokuwa umekwenda kuagana na wenzako, nimepumua kwa mara ya kwanza. Nitakuambia ni jambo gani, lakini lina mwanzo wake.

Nilipoandikwa karani, Uhuru ukiwa mlangoni, tawi letu hapa lilikuwa la Wazungu wa mashamba ya Lugari na Likuyani, wenye maduka wa mjini, na wafanyabiashara wachache wa Mumias. Watu wetu walipita nje wakiharakisha, kwa kuwa wengi walidhani mle ndani ni ofisi ya kodi. Meneja alikuwa Mzungu mrefu wa soksi za magotini, na alitaka nao waingie. Akanipa kazi hiyo mimi. Kila siku ya soko nilipanda baiskeli nikaenda Iguhu na kwingineko kuwaeleza watu benki ni nini.

Sasa mtu utamwelezaje? Nikiwaambia riba, waliniangalia tu. Nikiwaambia amana, walinicheka. Ndipo nikakumbuka desturi yetu ya kuwekesha ng'ombe. Wewe umeiona kwa babu zako. Mtu ana ng'ombe, hataki jamaa wamhesabie kila siku, basi anampeleka mmoja kwa rafiki yake wa mbali amchungie. Mchungaji anakunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, na wakizaana vizuri mchungaji hupewa ndama mmoja wa ahsante. Ng'ombe akifa, mchungaji hasemi tu kwamba amekufa. Anabeba ngozi mpaka kwa mwenye mali, ili ijulikane hakumuuza wala hakumla kwa siri.

Nikawaambia benki ni hivyo hivyo. Shilingi zako ni ng'ombe unayemwekesha kwetu. Sisi tunawakopesha wengine, wanatulipa riba, hayo ndiyo maziwa yetu, na ng'ombe anabaki wako. Roda, ungeona nyuso zao. Walielewa palepale. Siku hiyo niliona nimezaliwa kwa kazi hii, na nilirudi mjini nikiimba juu ya baiskeli.

Wa kwanza kunijia alikuwa Mama Rispa, mama wa rafiki yako. Mumewe alikuwa amekwenda Kericho kwenye majani ya chai, na tangu aende hakutuma hata senti. Yeye aliuza maharagwe na ndizi, na fedha akazifukia kwenye mtungi, ambao shemeji zake walikuwa wameanza kuunusa. Kuficha ng'ombe mbali kulimfaa sana. Lakini kabla hajanipa shilingi yake ya kwanza aliniuliza swali moja mbele ya watu: mchungaji huyu wa mjini anakula nini? Nikamjibu kwa sauti ya kujiamini kwamba anakunywa maziwa tu. Wakati ule lilikuwa karibu na ukweli.

Halafu Wazungu wakaanza kuondoka. Waliokuwa wakikopa kwetu fedha za mbegu na matrekta walilipa, wakauza, wakahamisha fedha zao. Watu wetu waliopewa mashamba yale walikopeshwa na serikali, si na sisi. Maziwa yakakauka. Kutoka Nairobi ikaja barua ya kumuuliza meneja tawi lake linafanya nini, na meneja akanifunza somo ambalo na wewe watakufunza huko uendako, kwa hiyo lisikie kwangu kwanza. Alinieleza kwamba benki ina njia mbili za kupata faida. Riba ni ya kusubiri: unamkopesha mtu, unaomba mvua inyeshe, unaomba asife, unaomba asihame. Ada haisubiriwi. Unaikata mwenyewe kwa kalamu kutoka kwenye hesabu ya mteja, awe amelala au yuko macho.

Tukaanza. Kila nusu mwaka, ada ya daftari kwa kila hesabu. Ada ya kutoa fedha. Ada nyingine kwa hesabu ambayo akiba yake ni ndogo. Wenye akiba kubwa walisamehewa zote, kwa kuwa meneja hakutaka waudhike, na kwa hiyo mzigo wa tawi zima uliwaangukia wauza maharagwe. Tangazo lilibandikwa ukutani kwa Kiingereza. Hakuna aliyenikataza kuwatafsiria watu. Hilo nataka ulijue vizuri, kwa sababu kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba nilikatazwa. Nilijua tu kwamba nikilisoma kwa sauti watatoka mbio, na mimi ndiye niliyesifiwa kwa kuwaleta.

Na mwaka ule faida ilipanda, mwanangu. Ilipanda kweli. Meneja alinipa mkono mbele ya wenzangu na mshahara wangu ukaongezwa. Redio ile unayoipenda niliinunua mwezi huo. Nilikuwa nikikata ada kwa wino mwekundu, mwandiko mzuri, mistari imenyooka, na jioni narudi nyumbani nasikiliza taarifa kama bwana mkubwa.

Ukafika mwaka wenu wa kidato cha kwanza. Wewe na Rispa mliitwa shule moja. Mlikuja mnarukaruka hapa uani mpaka kuku wakakimbia. Ijumaa kabla ya kufungua shule, Mama Rispa alikuja benki kuchukua karo. Alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa kuwa alikuwa akihesabu kichwani kila alicholeta na alijua kinatosha na kubaki. Nikafungua daftari. Fedha zilipungua shilingi thelathini kufikia ile karo.

Nilimweleza. Nilianza kwa Kiswahili, nikageukia lugha ya kwetu, nikarudi kwenye Kiswahili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanena kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza.

"Karani, wewe ulisema hii pesa ni ng'ombe yangu nimeweka kwenu."

Nikasema ndiyo.

"Sasa ingine imekufa. Kwetu ng'ombe ikikufa, mtu analetanga ngozi. Ngozi iko wapi?"

Nikaligeuza daftari upande wake, nikamwonyesha mistari yangu myekundu mmoja mmoja, hii ya Juni, hii ya Desemba. Yeye hajui kusoma. Aliinama akaitazama kwa makini, akapitisha kidole juu ya wino, akaniuliza kama hiyo ndiyo ngozi. Nikasema ndiyo.

"Haina manyoya," akasema, akachukua zilizobaki, akaondoka.

Sasa nakuambia kitu ambacho hata mama yako alichelewa kukijua. Wakati huo mfukoni mwangu mlikuwa na shilingi thelathini na kitu. Zilikuwa za kununua sanduku lako la bati. Ningeweza kumkimbilia. Alikuwa bado hajavuka barabara, nilimwona dirishani akisubiri lori lipite. Lakini kumpa fedha zangu kulikuwa ni kukiri kwamba nilijua tangu mwanzo, na wenzangu walikuwa wakiniangalia, na meneja alikuwa na mlango wazi. Nikaketi. Nikaita mteja aliyefuata. Jioni nikakununulia sanduku lile la kijani ambalo hivi sasa unapakia nguo ndani yake.

Ndiyo maana Rispa hakuja shuleni mwaka ule. Wewe ulidhani ni mgonjwa, ukamwandikia barua mbili. Ulizituma ndani ya barua zako kwangu, na mimi ndiye niliyezibandika stempu na kuzipeleka posta.

Kilichofuata benki nitakieleza kwa ufupi, lakini usikipuuze kwa kuwa ni kazi yako. Habari ya ngozi isiyo na manyoya ilizunguka Iguhu nzima kwa siku moja ya soko. Wakaanza kuja, wazee kwa akina mama, kila mmoja na kitabu chake cha akiba, kutoa kilichosalia. Tuliwakata ada ya kutoa. Faida ya nusu mwaka huo ikawa nzuri ajabu, na meneja akafurahi tena. Nusu mwaka uliofuata hakukuwa na mtu wa kumkata. Na fedha za kukopesha, ambazo zilikuwa hizo hizo shilingi zao ndogo zilizokusanyika, nazo hazikuwapo. Tukakosa maziwa, tukakosa na ng'ombe.

Na usije ukadhani nakufunza kuichukia ada. Hapana. Kilicholiokoa tawi letu lisifungwe ni ada. Mzee Swaleh wa Mumias, yule mwenye duka la nguo, alikuja kila Jumatatu, akatusalimu salamu alekum mpaka mfagiaji, na kutuma hawala ya fedha za mzigo wake Mombasa. Tulimkata ada kubwa kuliko ya daftari, na yeye mwenyewe aliihesabu na kuisukuma mbele akisema alhamdulillahi. Zamani alikuwa akisafiri na fedha kiunoni, halali usingizi njia nzima. Kuna waliotulipa tuwahifadhie hati za mashamba ndani ya sefu. Wote walijua wanalipia nini, walijua kiasi gani, na walirudi. Mama Rispa alilipia nini? Alilipia fedha zake kukaa tu. Na hakuambiwa.

Nilikaa nalo wiki chache. Halafu siku moja nikapita sokoni Iguhu nikamwona Rispa amechuchumaa nyuma ya fungu la ndizi, saa ambayo wewe ulikuwa darasani. Aliniamkia kwa adabu, shikamoo baba, kama kawaida yake. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kila kitu. Aliniuliza swali moja tu: una nini cha kumpelekea? Fedha hatukuwa nazo, karo yako ilikuwa imetukausha. Zizini alikuwapo mmoja tu wa thamani, mtamba wa kahawia mwenye baka jeupe usoni, ambaye mama yangu alikupa wewe kwa kuwa una jina lake. Alikuwa na mimba.

Nilimswaga kwa miguu Jumamosi asubuhi, kutoka hapa mpaka Iguhu. Aligoma mara mbili njiani. Nilimkuta Mama Rispa akipura maharagwe. Nikamwambia mchungaji alikunywa maziwa, kisha akakata na nyama, na nilikuwa najua, na nilinyamaza. Nikamwambia nimemleta ng'ombe badala ya ngozi. Hakunifokea. Alimzunguka mtamba, akampapasa tumbo, akasema maziwa yake yatamsomesha Rispa mwaka ujao. Na ndivyo ilivyokuwa. Alipozaa, maziwa yalinunuliwa na walimu na watu wa hospitali pale, na Rispa akaingia kidato cha kwanza wewe ukiwa cha pili. Mwisho wa mwaka huu anamaliza, na tayari ameandikiwa kwenda kujifunza uuguzi. Kila nikilikumbuka hilo nashukuru.

Ila wewe ulirudi likizo ukakuta zizi tupu. Na mimi, niliyekuwa nimetoka kukiri kwa mwanamke wa watu, nilishindwa kukiri kwa mtoto wangu mwenyewe. Nilikuambia ng'ombe wako alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Ulilia siku mbili. Halafu ukanijia, mkono kiunoni kama bibi yako, ukaniuliza ngozi yake iko wapi. Nilidhani ardhi itanimeza. Nikakuambia watu wa mifugo walimzika na ngozi yake ili ugonjwa usienee. Hukuniuliza tena. Lakini nilikuona jinsi ulivyonitazama, na tangu siku hiyo, hata tulipocheka pamoja, kuna mahali ulipoacha kuniamini. Sikulaumu. Ulikuwa umeelewa kwamba hadithi yangu haina manyoya.

Mama yako alijua, alinyamaza kwa kuwa nilimwomba, na kila mwaka aliniambia utamwambia mwenyewe. Rispa pia alijua. Alikatazwa na mama yake kusema, kwamba maneno hayo ni ya baba yako. Fikiri, mtoto yule ameketi nawe shuleni miaka mitatu na siri yangu mdomoni, na hakuimwaga.

Basi leo saa saba. Nimeketi barazani nikitafuta namna ya kuanza kukuambia, nikaona mtu anakuja na kamba mkononi, na mwisho wa kamba kuna mtamba. Kahawia, baka jeupe usoni. Nilisimama bila viatu. Mama Rispa alikuwa ametembea tangu asubuhi, viatu vimejaa matope, na alikataa kuketi kabla hajasema aliyokuja nayo.

"Hii ni ya Roda. Mama yake amezaa mara tatu, hii ni ya kwanza. Mtoto aliambiwanga ng'ombe yake ilikufa. Si mzuri aende safari na matanga ya bure."

Nililia, mwanangu. Sioni haya kukuandikia. Nililia mbele ya wanawake wawili, na mama yako akanipa kitambaa cha vyombo. Nilimwambia Mama Rispa kwamba deni lilikuwa langu, si lake, hana cha kurudisha. Akaniuliza tangu lini mchungaji akamfunza mwenye ng'ombe desturi. Kisha akala obusuma, ugali wetu, na kuku aliyechinjiwa, akacheka, na alipokuwa akiaga akanigeukia.

"Msichana yako akikaa kwa dirisha ya benki, nitamletea pesa yangu tena. Lakini aniambie kwanza anakulanga nini."

Hilo ndilo swali alilouliza siku ya kwanza, na safari hii anakuuliza wewe. Mimi sina ushauri mwingine unaoweza kuupita. Watakufunza kukata ada, na utakata, kwa maana benki isiyopata faida haiwezi kumchungia mtu hata mbuzi. Lakini kuna atakayekuja dirishani kwako na kitambaa kipya kichwani, asiyejua kusoma tangazo la ukutani. Mwambie. Hata kama mlango wa meneja uko wazi. Akitoka akaenda zake, mwache aende. Atarudi siku nyingine akikujua. Na siku ukikosea, maana utakosea, na shilingi ziko mfukoni na mtu bado hajavuka barabara, mwanangu, toka mbio umfuate.

Siandiki haya ili unisamehe kabla ya basi kuondoka. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mpaka Nakuru, au mpaka Krismasi. Nitangoja. Mimi nafurahi tu kwamba hakuna tena kitu ambacho utakikuta kwenye daftari lolote kikushtue kumhusu baba yako. Umeshavijua vyote. Kifua changu leo ni chepesi, mpaka nasikia njaa ya chai.

Mtamba tumemfunga nyuma ya jiko, na mama yako amemwekea majani ya ndizi asilie ukamsikia. Ukimaliza kusoma, toka nje umwone hata kama mvua bado inanyesha. Mpe jina. Nitamchungia, na safari hii nakuambia mapema kwamba nitakunywa maziwa, nitatumia samadi kwenye mahindi, na kingine sitagusa.

Na lile swali lako la mkono kiunoni, nimechelewa kulijibu. Hakuna ngozi, Roda. Ng'ombe mwenyewe bado ameivaa, kule Iguhu.

Baba yako